Kaka anataka mkanda wa ngazi tatu, mama anataka dari isiyo na vumbi

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa pili kati ya watatu, na ndiye ninayesimamia nyumba tunayomjengea mama hapa Tanga. Kaka yetu mkubwa yuko Muscat, yeye ndiye mtoa hela. Mdogo wetu bado anasoma, usemi hana wala hautaki. Nyumba imefika darini. Bodi za jipsamu za milimita 9 zimeshapigwa kwenye blandaring (fremu ya mbao inayobeba dari) ya mbao za inchi mbili kwa mbili, kuta zimeshapigwa skimu, yaani ile plasta laini ya mwisho, rangi bado. Iliyobaki ni mikanda ya kuzungushia pale dari inapokutana na ukuta, na hapo ndipo tulipokwama.

Kaka alinitumia picha ya sebule ya rafiki yake huko: mkanda mpana wa ngazi tatu wenye majani ya kuchonga, ndani yake zimefichwa taa za rangi, katikati ya dari ua kubwa kama sinia la pilau. Anataka hivyo hivyo sebuleni na chumbani kwa mama. Hela ameshatuma yote, na maneno juu yake: "Mama asitoke nyumba ya kupanga akaingia kwenye sanduku."

Mama hataki. Hakugomba. Alipoiona picha alicheka, akasema hapo ni ukumbi wa harusi, na nani atakayepanda ngazi kufuta vumbi. Ana kifua, vumbi likimwingia anakohoa hadi alfajiri. Nilipombana aseme anachotaka, akajibu: "Fanyeni mnavyotaka, nyumba ni yenu." Tangu siku hiyo hajauliza tena habari za dari.

Fundi naye ana lake. Anasema niachane na jipsamu, niweke mikanda ya PVC nyumba nzima, siku mbili amemaliza. Jirani anasema PVC itafanya nyumba ifanane na duka la simu.

Vipimo ni hivi: sebule mita 4.8 kwa 6, chumba cha mama 3.6 kwa 4.2, vyumba viwili vya 3 kwa 3.6 kila kimoja, korido 1.2 kwa 6. Kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.75. Feni zitafungwa sebuleni na kwa mama. Kuta hazikunyooka sana. Koridoni kuna mahali bodi imeachana na ukuta kidole kizima. Chumbani kwa mama, kona ya upande wa bafu, kuna doa la rangi ya chai la ukubwa wa kiganja. Fundi anasema mkanda utalifunika. Paa ni la bati.

Kaka anakuja baada ya miezi miwili. Nikiifuata picha yake, mama ataishi chini ya kitu asichokipenda. Nikimfuata mama, kaka ataona hela yake haionekani, na chenji ikibaki nitaambiwa nimeila. Nifanyeje?

Mwenye Dhamana, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kusimama katikati.

Umeliandika jambo lako kama ugomvi wa watu wawili juu ya mapambo. Nikiisoma barua naona mambo matatu yamefungwa kamba moja: umbo la mkanda, kitu kilichoutengeneza, na nani mwenye kauli juu ya nyumba. Umbo na malighafi vina majibu ambayo tepu ya kupimia na ndoo ya maji vinaweza kukupa. La kauli ni la kwenu, nami sitajifanya hakimu. Ila ukishayapunguza yale mawili, hili la tatu huenda likawa dogo kuliko linavyoonekana usiku unapolifikiria peke yako.

Kabla ya yote, lile doa. Fundi anasema mkanda utalifunika, na kweli utalifunika hadi mvua ijayo. Rangi ya chai kwenye bodi maana yake maji yamepita juu, yakaloanisha bodi, yakakauka na kuacha uchafu wake. Jipsamu ikilowa mara kwa mara hulegea, skrubu hupoteza mshiko, na mkanda mzito ukifungwa hapo utashuka pamoja na bodi yake, tena juu ya kitanda cha mtu mzima. Usiungoje msimu wa mvua ndipo ujue. Mtu mmoja apande na mpira wa maji, amwagie bati kuanzia chini akipanda juu taratibu, kila sehemu dakika kumi na kitu. Mwingine awe ndani ya dari na tochi. Watazame misumari ya bati, mapishano ya bati, na pale bati linapogusana na ukuta wa bafu au kupitiwa na bomba la hewa. Pakishazibwa, bodi iliyolegea ikatwe na kubadilishwa. Ikiwa bado ngumu, doa lipakwe kwanza andakoti ya mafuta, kwa sababu rangi ya maji hulivuta doa likajitokeza tena hata ukipaka mara tatu. Hili halina upande wa kaka wala wa mama, na gharama yake ina haki ya kutoka mwanzo kwenye ile hela.

Sasa picha ya Muscat. Mwanangu, umeipokea kana kwamba ni amri. Je, kaka ameijua dari yenu ina urefu gani? Nyumba nyingi za huko zina zege juu na kiyoyozi ndani, na dari ya mapambo huning'inizwa chini ya zege palipo na nafasi. Nyie mna mita 2.75, feni, na bati linalopata moto mchana na kupoa usiku. Taa za kufichwa zinahitaji dari ishushwe pembeni sentimita 15 hadi 20. Ikishushwa 20, pembeni mnabaki na mita 2.55. Hiyo bado inavumilika, mradi katikati pasishuke. Fundi akishusha dari nzima, feni inayoning'inia sentimita 35 itakuwa na mapanga yake mita 2.2 kutoka sakafuni, na mtu mrefu anayevaa kanzu akiinua mikono atayafikia. Chumbani ndiko watu wanakovalia nguo.

Taa zile zina siri nyingine ambayo picha haiionyeshi. Mwanga unaolala ubavuni mwa dari huanika kila muungano wa bodi, kila kichwa cha skrubu na kila wimbi la skimu. Dari ambayo kwa taa ya katikati ni safi, kwa taa ya pembeni huonekana ina makunyanzi. Anayezitaka taa hizo lazima alipie skimu ya pili na msasa wa ziada, na aache mahali mkono unaweza kuingia, maana adapta ya taa ndiyo hufa kwanza. Ikifungiwa ndani, kuibadilisha ni kuvunja dari.

Kwa hiyo swali ningemuuliza kaka si "unataka au hutaki", bali katika picha ile amependa nini hasa. Upana? Mwanga? Au amependa tu kwamba mtu akiingia anajua hapa pamefanyiwa kazi? Kila jibu lina njia yake, na njia nyingine hazina hata jani moja la kuchonga.

Nawe umuulize mama vivyo hivyo. Umesema hataki, lakini alichokitaja ni vumbi na ngazi. Kuna mikanda inayokusanya vumbi na kuna isiyolikusanya sana. Wenye vumbi ni ule wa ngazi na majani, kwa sababu kila ngazi ni rafu ndogo inayotazama juu, na buibui hupenda kujenga nyuma ya majani. Mkanda laini uliobonyea kama mfereji, usio na kingo, hauna rafu. Ufagio wa mti mrefu uliofungwa kitambaa chenye unyevu kidogo huufuta kutoka chini, bila ngazi. Pengine mama akiuona huo hatakuwa na neno. Pengine atasema hata huo hautaki, na hapo utajua si vumbi peke yake. "Fanyeni mnavyotaka" ya mzazi aliyeacha kuuliza sijaisoma kama ruhusa, na nadhani wewe pia hukuisoma hivyo, ndiyo maana umeandika.

Je, anaweza kuishi bila mkanda wowote? Watu wengi hudhani mkanda ni urembo mtupu. Kazi yake ya kwanza ni kuficha mwachano. Ukuta umesimama juu ya msingi, dari imening'inia kwenye mbao za kenchi, na bati likipata joto mbao hizo hucheza. Pale vitu viwili vinapocheza tofauti, ufa utatokea. Kuacha pembe wazi kunawezekana, ila kunataka ukuta ulionyooka na ukingo wa chuma uliowekwa kabla ya skimu. Kuta zenu, kwa maelezo yako, zitakufanya ulipe plasta upya. Palipo na mwanya wa kidole koridoni, mkanda unakusaidia kuliko unavyokupamba.

Kuhusu upana: kwa dari ya 2.75, mkanda wa sentimita 10 hadi 12 hukaa vizuri vyumbani. Sebule ya mita 6 inaweza kubeba 15 bila kuinamisha dari. Koridoni fikiria tofauti: upana ni sentimita 120, na mkanda unaotokeza 15 kila upande utakula 30, robo ya dari yote, utatembea kama ndani ya mtaro. Pale 7 au 8 zinatosha. Usiamini karatasi wala maneno yangu. Chukua boksi la kadibodi, likate umbo la mkanda kwa urefu wa mita moja, lipake chokaa au lifunike karatasi nyeupe, libandike konani kwa tepu. Litazame asubuhi, kisha usiku taa ikiwaka. Fanya vipande viwili, kimoja cha 12 na kimoja cha 15, mwite mama aje akae kwenye kiti chini yake, na kaka awe kwenye simu ya video wakati huohuo. Usiwe tarishi wa kubeba maneno ya mmoja kwenda kwa mwingine. Waone kitu kimoja, wazungumze wao.

Malighafi sasa. Mkanda wa jipsamu unaomwagwa kwenye kalibu hutiwa nyuzi za katani ili usivunjike, na kwenu Tanga katani si mgeni. Kabla ya kununua, omba kipande kilichovunjika kiwandani. Kikiwa kimekatika kavu kama biskuti, nyuzi ni chache. Kikiwa kimening'inia kwa nyuzi zilizoenea pande zote, ni kizima. Ulaze mkanda kwenye sakafu iliyonyooka. Ukiona mwanga unapita chini yake katikati, umepinda, na utapambana nao ukutani. Kisha uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiusikia baridi, maji bado yanatoka ndani yake. Hewa ya pwani hukausha polepole, na mkanda mbichi ukipakwa rangi utatoa malengelenge na ukungu. Hapa ndipo miezi miwili ya kaka inapobana kweli: agiza mapema, upange mikanda bapa kivulini ipitiwe na upepo.

PVC ya fundi isidharauliwe kwa sababu ya duka la simu. Hailowi, hufutika kwa kitambaa, na bafuni au jikoni (ambako hukupataja) ina nafasi kuliko jipsamu. Udhaifu wake ni viungo: kwenye ukuta uliopinda haifuati, huacha mianya ya kujazwa, na sehemu yenye jua la dirisha nyeupe yake hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda. Pia uliza siku mbili zile ni za faida ya nani. Kuna na mikanda ya foma, myepesi kabisa. Huo kama utauchagua, usibandikwe kwa gundi ya viatu wala kupakwa rangi ya mafuta, vimiminika vyake huuyeyusha. Na usikaribie jiko.

Hesabu. Mzunguko wa sebule ni mita 21.6, chumba cha mama 15.6, vyumba viwili 13.2 kila kimoja, korido 14.4. Ukiweka korido kando, una mita 63.6, ongeza asilimia 10 ya kupotea kwenye pembe unapata karibu 70. Mikanda ya mita 2.4 ni vipande 30, na kimoja cha akiba. Korido, kwa mkanda mwembamba, vipande 7. Kama karakana yenu inamwaga ya mita 2, gawanya upya. Fundi akikupa bei ya jumla, mwombe aitenganishe: kipande bei gani, ufundi kwa mita bei gani, unga na skrubu bei gani. Karatasi hiyo ukimtumia kaka kabla hujanunua, habari ya kula chenji inapungua nguvu, kwa sababu kila kitu kina idadi anayoweza kuihesabu mwenyewe akiwa Muscat.

Wakati wa kufunga, simama uangalie mambo machache. Mistari ichorwe kwanza, ukutani na darini, kwa uzi wa chaki. Skimu kavu ikwaruzwe na iloweshwe kidogo, la sivyo itanyonya maji ya gundi ya jipsamu na mkanda hautashika. Unga wa jipsamu utiwe kwenye maji, si maji kwenye unga, na ukorogwe ule tu wa kutumika ndani ya dakika kama kumi. Ukianza kuganda usiongezwe maji, utupwe. Ndoo ioshwe kila mara, mabaki ya zamani huharakisha kuganda. Pembe za digrii 45 zikatwe kwenye boksi la kukatia mkanda ukiwa umepinduliwa, upande wa dari ukikaa chini. Mafundi wengi huharibu vipande viwili vya kwanza hapa, ndiyo maana ya ile akiba. Kila baada ya sentimita 40 hadi 60 iingie skrubu inayoshika mbao ya blandaring, si bodi tupu. Kwa unyevu wenu wa bahari, skrubu nyeusi za kawaida hutoa kutu ikapenya rangi: tafuta zilizopakwa zinki, au kila kichwa kipakwe rangi ya mafuta kabla ya kufunikwa. Mkanda ushikwe zaidi na dari, na ule mstari unaogusa ukuta ujazwe akriliki inayonyumbuka badala ya jipsamu ngumu. Dari ikicheza, akriliki itavutika. Ua la feni, likiwepo, ni pambo tu: ndoano ya feni ifungwe kwenye mbao ya kenchi.

Siku za msasa, mama asisogee pale hata kama anataka kuona. Vumbi la skimu ni laini mno kwa kifua chake, na chumba kifagiliwe kwa kitambaa kibichi, si ufagio mkavu.

Ukishajua haya, njia zako naziona hivi. Unaweza kuweka mkanda laini nyumba nzima: kazi nyepesi, vumbi kidogo, lakini kaka akifika huenda asione alichokiota, na ni afadhali alijue hilo sasa kuliko mlangoni. Unaweza kumpa kaka sebule, mkanda wa 15 wenye ngazi moja au mbili bila majani, na ua la kadiri kwenye feni, halafu chumba cha mama kikawa cha mama kabisa. Hatari yake ni kuwa mama anaweza kuona sebule si yake, na wageni wake wa jioni wanakaa huko huko. Unaweza kuiacha sebule hadi kaka afike aamue akiwa chini ya dari yenyewe. Hapo utapaka rangi mara mbili, fundi anaweza kuwa amehama, na mama atahamia nyumba isiyokwisha. Au ukafuata picha kama ilivyo, ukijua sasa ni nini kitapungua: kimo, utulivu wa mama, na sehemu ya hela itakayokwenda kwenye skimu ya pili. Ipi kati ya hizi inabebeka, wewe unayeishi na mama na kuzungumza na kaka unajua kuliko mimi.

Jambo moja la ratiba linaweza kukupunguzia joto wakati mnazungumza. Mwambie fundi aanze na vile vyumba viwili vya 3 kwa 3.6, ambavyo hakuna anayevigombea. Utaona pembe zake anazikataje kabla hajagusa sebule. Aanzie kona inayotazamana na mlango, ndiyo inayoonwa kwanza, na kiungo cha mwisho akifiche juu ya mlango. Ukigawa oda kwa sababu hiyo, hifadhi kipande kimoja kama sampuli na uende nacho karakana mara ya pili: kalibu mbili za umbo moja zinaweza kupishana milimita kadhaa, na tofauti hiyo haiibukii dukani, huibukia pale mikanda miwili inapokutana konani.